Mkono Chini ya Mwamba

Kitu cha kwanza kilichomtia Chepchirchir wasiwasi kilikuwa kidole gumba.

Watu wa nchi kavu wakitaka kusema mambo yako sawa huinua gumba. Mpiga mbizi hafanyi hivyo. Chini ya maji gumba lina maana moja tu, kwamba tupande juu; anayetaka kusema yuko sawa hukutanisha gumba na kidole cha shahada, akafanya duara. Peterson Gitonga, mume wake, alikuwa na mazoea ya duara hilo hata mezani, akiulizwa kama ugali umetosha. Lakini asubuhi hiyo alisimama ukingoni mwa bwawa, maji yakimchuruzika kwenye suti yake ya mpira, na Kipkurui, mlinzi wa bwawa, alipomuuliza kama yuko salama, Gitonga aliinua gumba. Akaliacha juu muda mrefu, kama mtu asiyejua linashushwa vipi.

Chepchirchir aliliona, akalipuuza. Baridi ilikuwa kali na kila mtu alitaka chai.

Bwawa lenyewe lilikuwa katikati ya shamba la chai, ng'ambo ya Merigi, mahali ambapo zamani mto ulipita kwenye korongo la mawe. Mwenye shamba alilijaza maji korongo zima, na sasa miamba ile ilisimama huko chini gizani kama nyumba zilizohamwa. Wavu wa bomba linalopeleka maji kiwandani ulikuwa umeziba, na katika milima ile hapakuwa na wengine wa kuuzibua ila hao wawili. Walikutana Afrika Kusini, kwenye bahari ya baridi ambako mwani huota mrefu kama mikaratusi, wakiwaongoza watalii kati ya miamba. Binti yao Wangeci alipozaliwa walirudi nyumbani, wakajenga karibu na Sosiot, na tangu hapo wakawa wanazamia mabwawa: kuzibua mabomba, kutoa pampu zilizoanguka, na mara nyingine kutoa watu. Gitonga alipenda kusema miamba ni miamba. Ukiizoea ya bahari, ya bwawa haitakusumbua.

Siku hiyo alishuka na kamba kiunoni, mwisho wake ukiwa mikononi mwa Kipkurui. Ishara zilikuwa zile za siku zote. Mvuto mmoja, niko salama. Mivuto minne, nivute juu. Huko chini maji yalikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na taa zao hazikumulika mbali kuliko urefu wa mkono. Chepchirchir alibaki kwenye wavu aking'oa matope na mizizi. Gitonga akazunguka mwamba kutazama upande wa pili. Matope yakatibuka. Akamsubiri. Ndipo alipohisi mkono ukimshika, naye akaukaza, akaona miwani ya mumewe ikisogea karibu na gumba likiinuliwa. Tupande, basi. Wakapanda wameshikana.

Hakuona zaidi ya hayo. Lakini Gitonga alitoka majini bila kamba. Alisema ilikwama, akaifungua. Na Chepchirchir alipomsaidia kuvua mtungi wa hewa, jicho lake lilianguka kwenye kipimo: mtungi ulikuwa karibu kujaa, kana kwamba aliyeubeba alikaa chini muda wote ule bila kuvuta pumzi.

Kipkurui alikuwa bado ameshika mwisho wa kamba. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini asisikiwe na yule aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akiyatazama mapezi yake ya kuogelea.

"Madam, hii kamba inavutwa."

"Imeshika gogo," alisema Chepchirchir. "Maji ndiyo yanaitikisa."

"Gogo haiwezi kuhesabu," alisema Kipkurui.

Yule kwenye nyasi akageuza kichwa, akawatazama. Chepchirchir alipanda kwenye pikapu, akawasha injini.

Asubuhi za Sosiot huwa na baridi kiasi kwamba kila anayefungua mdomo hutoa mvuke. Kesho yake Chepchirchir alisimama langoni na mumewe wakimsubiri mwenye kuleta maziwa. Yeye alitoa mvuke, Wangeci alitoa mvuke, hata ng'ombe wa jirani ng'ambo ya ua alitoa mvuke. Gitonga aliongea maneno mengi kuhusu umande, na mbele ya mdomo wake hewa ilibaki safi.

Alijiambia ni macho yake. Kisha akaanza kukuta chakula. Gitonga alitafuna vizuri, akashukuru, na baadaye ugali na mboga vilikutwa nyuma ya kochi, vimetafunwa vikalowa, havikumezwa. Chumba cha kulala kikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya uchafu. Alikuwa anaijua, ni harufu ya matope yaliyo chini ya jiwe ambalo halijawahi kugeuzwa, yenye kutu kidogo ndani yake. Alfajiri, akiwa nusu macho, alisikia kando yake pumzi ikivutwa kwa mluzi mwembamba na kuachiliwa kwa mapovu, vile mtu anavyopumua kwenye mtungi. Alipogeuka, Gitonga alikuwa amelala chali, macho wazi, kifua hakipandi wala hakishuki. Sauti ilitoka ukutani.

Halafu Gitonga akaanza kuziba nyumba. Alisema ni kwa ajili ya baridi. Alifunga madirisha, akasokota magazeti akayashindilia kwenye nyufa. Akaweka matambara chini ya milango. Akapanda juu ya kiti akabandika karatasi ya gundi kwenye matundu ya hewa. Vioo vikalowa kwa ndani. Moto wa jiko la gesi ukawa wa njano, ukalegea, ukazima. Chepchirchir akifungua dirisha la jikoni, akirudi anakuta limefungwa. Siku moja mchana, akiwa sebuleni na yule mwanamume amekaa kwenye kiti akitazama televisheni iliyozimwa, masikio yake yaliziba ghafla kama yanavyoziba mtu anaposhuka majini, akabana pua akapuliza taratibu kama alivyofundishwa, yakazibuka, yakaziba tena, akapuliza tena, na hapo akatambua kwamba hakuwa mgonjwa, bali alikuwa anashuka, kwamba nyumba nzima, na viti vyake na picha ya harusi na viatu vya shule vya Wangeci mlangoni, ilikuwa inashuka polepole mahali ambapo hapana chini.

Akainuka kumtafuta mtoto.

Wangeci alikuwa bafuni. Amepiga magoti mbele ya karai, uso wote ndani ya maji, nywele zikielea. Chepchirchir alimnyanyua kwa mabega. Mtoto hakukohoa. Midomo yake ilikuwa ya buluu na alikuwa anatabasamu, amekasirika kidogo kwa kukatizwa mchezo.

"Baba ananifundisha," alisema. "Anasema kupumua ni mazoea tu. Mtu anaweza kuacha."

Chepchirchir alimfuta uso, akamfunga taulo, akambeba mpaka kitandani ingawa alikuwa mkubwa wa kutobebwa. Kisha akarudi sebuleni, akasimama mbele ya kile kiti. Alikuwa amekwisha kujua. Pengine alijua tangu gumba.

"Gitonga yuko wapi?" aliuliza.

Kile kitu kilimtazama kwa macho ya mumewe. Hakikukasirika.

"Yuko mahali pangu," kilisema. "Mimi nimekaa pale tangu mto ukiwa mto. Hakuna aliyeuliza niko wapi." Kikageukia tena kioo cheusi cha televisheni. "Usifungue madirisha. Hewa yenu inaniumiza."

Asubuhi alimvika Wangeci sare ya shule, akamwambia waziwazi yule aliyekuwa mlangoni kwamba anampeleka shuleni, na alipofika njia panda hakukata kona. Aliendesha moja kwa moja mpaka Londiani, kwa mama yake Gitonga, akamkuta anachagua viazi vya mbegu. Alimwambia jambo moja tu: asimpe mtu yeyote mtoto huyu, hata akija baba yake. Bibi yule alimtazama mkwewe usoni, akaona kitu kilichomfanya asiulize. Alimshika mjukuu mkono, akaingia naye ndani, na Chepchirchir akasikia komeo likisukumwa.

Simu ilikuwa imejaa namba za Kipkurui. Alipofika bwawani alielewa sababu. Mlinzi yule hakuwa ameiachilia kamba. Aliifunga kwenye mkaratusi ulio ukingoni, na pale ilipozunguka, gome la mti lilikuwa limelika mpaka mti mweupe ukaonekana. Chepchirchir aliweka kiganja chake juu ya kamba. Ikavutwa mara nne. Ikatulia kidogo, kama mtu anayepumzika. Ikavutwa mara nne.

"Haijalala tangu siku ile," alisema Kipkurui. "Nimejaribu kuvuta na watu sita. Haiji."

Chepchirchir alivuta mara moja kujibu, maana hakuwa na ishara nyingine ya kusema nimekuja. Kamba ikachanganyikiwa. Ikaanza kuvutwa bila hesabu, haraka haraka, mpaka akalia.

Kipkurui alimpeleka kwa Kogo Tapsabei, mama mzee aliyejulikana kanisani kama mshona vitambaa vya madhabahu, na nyuma ya kanisa kama chepkerichot, mwenye dawa. Walimkuta anasugua kwa mkaa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Hakuacha kusugua alipokuwa anasikiliza. Alisema mahali pale watu wa zamani hawakunywesha ng'ombe. Ndani ya mwamba mlikuwa na kitu, na kitu hicho hakikuwa na haja na damu wala nyama. Kilichoka kukaa, basi. Kinatoka kikipata wa kukaa badala yake, na wa kukishika mkono.

"Lakwet, mwanangu, ni wewe ulikitoa," alisema. "Kilikupa mkono ukashika. Utakirudisha kwa huo mkono. Ukiingia, tafuta wa mume wako kwa mkono ule mwingine. Ukishampata, achilia hicho, upande, usiangalie nyuma."

Chepchirchir aliuliza kama aliwahi kuona mtu akifanya hivyo akarudi. Mama mzee aliweka kibuyu chini.

"Sijaona," alisema. "Mama yangu aliniambia tu. Hata yeye aliambiwa."

Alimpaka majivu ya mti fulani kwenye viganja, akamwombea kwa jina la Yesu, akamwombea tena kwa maneno ya Kikipsigis ambayo Chepchirchir hakuyajua ingawa ni lugha ya mama yake.

Ilibaki namna ya kukifikisha kile kitu bwawani. Hilo Chepchirchir alilifikiria njia nzima ya kurudi Sosiot, maana alijua kitu hicho kinamtamani nani. Alikikuta kimesimama katikati ya sebule yenye ukungu. Akasema Wangeci hataki tena karai, anataka kujifunza kwenye maji ya kweli. Amemwacha bwawani kwa Kipkurui, amevaa nguo za kuogelea, anamsubiri baba yake.

Kilitabasamu kwa meno ya Gitonga. Kilifika kwenye pikapu kabla yake.

Njia nzima hakikusema neno. Walipita wachuma chai wenye vikapu mgongoni, na mmoja wao aliyewajua akapunga mkono, na kile kitu kikapunga pia. Kilipofika ukingoni kilitazama huku na huku. "Yuko wapi mtoto?" Chepchirchir alikuwa amekwisha kuvaa mtungi wake. "Ametangulia," alisema, akakinyoshea mkono wa kushoto.

Kikaushika.

Walishuka. Mwanga wa juu ukawa wa kahawia, ukawa mweusi, na baridi ikaingia kwenye mshono wa suti ikamtembea mgongoni kama kidole. Kwa mkono wa kulia alifuata kamba, nayo ilikuwa imelegea sasa, haivutwi, kana kwamba aliyeko huko mwisho amesikia wanakuja na anasikiliza. Kamba ikampitisha chini ya wavu, ikazunguka mwamba, ikaingia kwenye ufa ambao angeapa haukuwepo siku ile, mwembamba kiasi cha mtu kupita ubavu. Akaingia, mtungi ukikwaruza jiwe mgongoni, kifua kikikwaruza jiwe mbele, na kila alipotoa pumzi mapovu yalikwama juu ya kichwa chake bila pa kwenda, na nyuma yake mkono ule wa baridi ukimfuata bila kumvuta wala kumsukuma, wenye subira, kama mkono wa mgeni anayeonyeshwa chumba anachokijua.

Taa ikamwangukia Gitonga.

Alikuwa wima ndani ya mwamba kama mtu aliyesimama kwenye kabati. Hakuwa na mtungi, hakuwa na kipumulio. Kamba ilikuwa kiunoni. Macho yalikuwa wazi na yalimwona, na Chepchirchir aliona jinsi yalivyomwona, na kucha za mkono alioutumia kuvutia kamba hazikuwepo tena. Alimshika kiganja. Kikamkaza, kwa nguvu ambayo ni ya mtu aliye hai na mwenye hofu.

Hapo jiwe likalegea. Hakujua namna ya kulieleza vingine. Mwamba ulijua mkaaji wake amerudi, ukamwachilia mwingine. Alipachika kipumulio chake cha akiba mdomoni mwa Gitonga, akamwacha avute mara chache, akamtoa nje ya ufa akimkokota, akaipiga kamba mara nne. Huko juu Kipkurui alikuwa tayari na watu wake, kama walivyopatana. Kamba ikakaza. Gitonga akajaribu kumshika bega aende naye. Chepchirchir akausukuma mkono wake, na mumewe akainuka, akapanda, nyayo zake zikapotea kwenye ukahawia.

Ilibaki kuachilia. Alifungua vidole vya mkono wa kushoto.

Kitu kile hakikurudi ndani ya mwamba. Mara tu vidole vilipolegea kiliruka juu kama kizibo, kikifuata mapovu ya Gitonga, na Chepchirchir, kabla hajawaza, alikinyakua kwenye kifundo cha mkono na kukirudisha. Kikatulia palepale. Akalegeza kidogo, kikapanda. Akakaza, kikatulia. Ndipo alipoelewa kile ambacho Kogo Tapsabei hakuambiwa, wala mama yake, wala yeyote aliyesimulia habari hii, kwa sababu waliosimulia ni wale waliobaki ukingoni. Mkono ulikitoa, na mkono ndio uliokizuia. Kikiachiliwa hakirudi. Kitapanda kwa yeyote aliyeko juu, na juu alikuwa Gitonga, na nyuma ya Gitonga kulikuwa na nyumba Londiani yenye komeo.

Akakivuta mpaka ndani ya ufa, akaingia nacho, akabana miguu kwenye jiwe.

Mtungi wake ulikwisha. Alisubiri kifua kiwake moto, kikawaka, akafikiri sasa nakufa, moto ukapoa. Alikuwa bado anaona. Alikuwa bado ameshika. Akajua sasa Gitonga alikaaje.

Baada ya muda kamba ilishuka tena, imefungwa jiwe, ikatua matopeni mbele ya ufa. Gitonga angeshuka mwenyewe kama isingejibiwa, alimjua. Alinyosha mkono uliokuwa huru, akaishika. Angeipiga mara nne, wangemvuta, na angepanda na kile alichokishika. Akaivuta mara moja. Niko salama. Akaiachilia, akasikia kupitia maji, mbali sana, sauti ya mwanamume ikiita jina lake kwenye hewa, akikohoa, akiita tena.

Kile kitu kilijaribu kwanza kwa nguvu, kisha kwa uzito, kisha kikaacha. Halafu ule mkono aliokuwa ameushika ukaanza kupungua ndani ya kiganja chake. Ukawa mwembamba, ukawa mlaini, ukawa mdogo kiasi kwamba vidole vyake viliuzunguka mara moja na nusu, wenye joto, wenye kovu dogo kwenye kifundo mahali ambapo maji ya chai yalimwagika zamani. Taa ilikuwa imezima. Akajaribu kukumbuka komeo likisukumwa, na akalikumbuka, lakini alikumbuka pia akisema kwa mdomo wake mwenyewe, amekwisha kufika bwawani, anasubiri.

"Mama," ilisema sauti ya Wangeci sikioni mwake. "Nimeshindwa kuzoea. Niachilie nikapumue."

Chepchirchir alifumba macho, akakaza.